Barafu ya Mwaloni, Dagaa wa Mchangani na Entropia

Jumamosi moja ya mwezi Machi, nikiwa na wanafunzi sita wa kidato cha tano barazani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, tulifika kwenye mada ya termodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, ambayo kila mwaka huiendea kwa tahadhari. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza kanuni ya pili kama inavyoandikwa vitabuni, kwamba katika badiliko lolote linalotokea lenyewe entropia ya ulimwengu huongezeka, ndipo binti mmoja, ambaye mama yake hununua sangara kwa wavuvi pale kwenye soko la samaki la Mwaloni, aliponyosha mkono. "Samahani, mwalimu," alisema. "Umetuambia entropia ni vurugu, na kwamba vurugu huongezeka siku zote. Barafu imepangika kuliko maji, na mama ananunua barafu mpya kila alfajiri. Hiyo barafu inatoka wapi?"

Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, na mwalimu aliyekuwa akitufundisha alinijibu kwamba halitokei kwenye mtihani. Nilifaulu mtihani huo bila kuelewa. Nilijua kuweka alama ya kujumlisha mbele ya badiliko linalozalisha gesi na alama ya kutoa mbele ya badiliko linaloimaliza, nami nikapata alama nzuri, lakini kama mtu angeniuliza kwa nini maji yaliyomo kwenye friji hukubali kupangika ningenyamaza. Ilinichukua miaka kadhaa ya kufundisha kabla sijatambua kwamba sehemu kubwa ya ugumu wangu ilitokana na neno moja tu, nalo ni hilo neno "vurugu" ambalo, kwa aibu, nilikuwa nimelirudia mbele ya wanafunzi wangu asubuhi hiyo hiyo.

Wengi wetu tulifundishwa entropia kwa mfano wa chumba. Chumba kilichofagiliwa kina entropia ndogo, chumba kilichotapakaa nguo kina entropia kubwa, na kwa kuwa chumba hujichafua chenyewe ilhali hakijisafishi, basi kanuni ya pili imethibitika. Mfano huo unapendeza na hausahauliki, lakini unapotosha. Shati lililokunjwa kabatini na shati lile lile lililotupwa sakafuni, kama yote mawili yana halijoto moja, yana entropia ambayo mkemia hawezi kuitofautisha kwa kipimo chochote cha maabara, kwa sababu molekuli za pamba zinatetemeka kwa namna ile ile popote shati lilipo. Isitoshe, shati haliruki lenyewe kutoka kabatini. Anayelitupa ni mtu. Huko Marekani, Frank Lambert, aliyekuwa profesa wa kemia katika chuo cha Occidental mjini Los Angeles, alitumia miaka ya uzeeni mwake kuwasihi waandishi wa vitabu vya mwaka wa kwanza waiache mifano ya vyumba na karata zilizochanganywa, na waieleze entropia kwa jinsi nishati inavyotawanyika. Wengi walimsikiliza. Kwetu habari hiyo haijafika kila mahali, nami ninaandika haya kwa matumaini kwamba mwalimu mwenzangu mmoja au wawili watayasoma kabla muhula mpya haujaanza.

Aliyelibuni neno lenyewe hakufikiria vurugu. Rudolf Clausius, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zürich, alilitunga mwaka 1865 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgeuko, na akalipa umbo linalofanana na neno "enajia", yaani nishati, kwa makusudi, kwa kuwa aliviona vitu hivyo viwili kuwa ndugu. Kilichokuwa mbele yake ni injini za mvuke na swali la joto linakwenda wapi linapoacha kufanya kazi. Ukichukua joto lililoingia katika kitu polepole, ukaligawanya kwa halijoto ya kitu hicho kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273), unapata badiliko la entropia yake. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyokishukuru, kwa maana tunalo neno "joto" kwa nishati inayohama na neno "halijoto" kwa kiwango cha uvuguvugu wa kitu, na mwanafunzi anayeyatenganisha maneno hayo mawili tangu mwanzo amekwisha kuvuka kizingiti ambacho wenzake wengi hujikwaa hapo.

Niliwapa wanafunzi wangu namba tatu ili waone jinsi "vurugu" inavyoshindwa kazi. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, moli moja (fungu la chembe ambalo wakemia hulitumia kuhesabia) ya kaboni iliyo katika umbo la almasi, kama zile zinazochimbwa Mwadui huko Shinyanga, ina entropia ya jouli 2.4 kwa kelvini, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Moli moja ya kaboni iliyo katika umbo la grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli, ina jouli 5.7. Moli moja ya risasi, metali nzito ambayo hufungwa kwenye nyavu ili zizame, ina jouli 64.8. Vyote vitatu ni yabisi, na vyote vitatu vina atomi zilizopangwa kwa safu zinazojirudia bila kasoro kubwa. Ukiviangalia kwa jicho la mpangilio huwezi kusema kipi kina vurugu zaidi, na hakika huwezi kueleza kwa nini risasi inaizidi almasi zaidi ya mara 25. Jibu liko kwenye namna atomi zinavyoweza kupokea nishati. Katika almasi atomi ni nyepesi na zimeshikana kwa ukakamavu mkubwa, hivyo kila hatua ya kuongeza mtetemo inahitaji nishati nyingi kwa mpigo mmoja, na kwa halijoto ya kawaida hatua nyingi hazifikiki. Katika risasi atomi ni nzito na zimeshikana kwa ulegevu, hatua ni fupi fupi, na nishati ile ile inaweza kugawanyika miongoni mwake kwa njia nyingi mno.

"Njia nyingi" ndilo jambo lenyewe, na nilipofika hapo niliweka chaki chini nikawaletea visoda na maharage. Kila kisoda ni atomu inayotetemeka, na kila punje ya haragwe ni kipande cha nishati ambacho hakigawanyiki zaidi. Tuliweka visoda vitatu na punje tatu, tukahesabu ni kwa njia ngapi punje zinaweza kukaa, bila kujali ni punje ipi imeingia wapi. Punje zote tatu zinaweza kuwa katika kisoda kimoja, na hizo ni njia tatu. Mbili zinaweza kukaa pamoja na ya tatu kando, na hizo ni njia sita. Au kila kisoda kikapata yake, na hiyo ni njia moja. Jumla ni njia 10. Kisha tukaleta visoda vingine vitatu vitupu, vikawa mfano wa kitu baridi. Vitupu vile vina njia moja tu ya kukaa, yaani kubaki vitupu, kwa hiyo makundi mawili yakiwa yametenganishwa yana njia 10 mara 1, ambazo ni 10 zile zile. Tulipoyagusanisha na kuruhusu punje zihame, hesabu ilibadilika: kama hakuna punje iliyohama tuna njia 10, kama moja imehama tuna 18, kama mbili zimehama tuna 18 tena, na kama zote tatu zimehama tuna 10. Jumla ni 56.

Niliwaacha waikague hesabu hiyo wenyewe, na walibishana kwa karibu nusu saa, jambo ambalo lilinifurahisha. Hakuna aliyezisukuma punje. Hakuna sheria iliyoziamuru zihamie upande wa baridi. Zinahamahama tu bila kuchagua, na kwa kuwa njia 46 kati ya 56 zina angalau punje moja upande uliokuwa mtupu, ukifunga macho na kuyafumbua wakati wowote una nafasi kubwa ya kukuta nishati imesambaa. Kwa visoda sita bado inawezekana ukakuta punje zote zimerudi nyumbani, maana nafasi yake ni 10 kwa 56. Lakini katika moli moja ya kitu chochote hakuna visoda sita. Zipo chembe 6.022 × 10²³, na kwa idadi hiyo kurudi nyumbani kwa wote ni jambo ambalo halitatokea katika umri wa ulimwengu. Hata ukichukua molekuli 100 tu za hewa ndani ya chupa, uwezekano wa kuzikuta zote zimejibana katika nusu moja ni mara moja katika majaribio ambayo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 31. Kanuni ya pili, kwa maana hiyo, ni hesabu ya mafungu makubwa.

Ludwig Boltzmann ndiye aliyeunganisha hesabu hiyo na entropia ya Clausius katika miaka ya 1870, na fomula yenyewe imechongwa juu ya kaburi lake katika makaburi makuu ya Vienna: S ni sawa na k mara logi ya W, ambapo S ni entropia, W ni idadi ya njia na k ni namba ndogo sana, jouli 1.380649 × 10⁻²³ kwa kelvini. Mwanafunzi mmoja aliuliza logi inatafuta nini hapo. Inatafuta kujumlisha. Kitu chenye njia 10 kikiwekwa kando ya kingine chenye njia 10, pamoja vina njia 100, kwa kuwa kila njia ya huyu inaweza kwenda na kila njia ya yule. Lakini tunataka vitu viwili vinavyofanana viwe na entropia mara mbili, si mara kumi, na logi ndicho chombo kinachogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Visoda vile vile vilijibu swali ambalo vitabu vingi huliruka, yaani kwa nini joto hugawanywa kwa halijoto. Kundi lenye punje tatu likiongezewa punje moja, njia zake hupanda kutoka 10 hadi 15, ambayo ni mara moja na nusu. Kundi tupu likiongezewa punje ile ile moja, njia zake hupanda kutoka 1 hadi 3, yaani mara tatu. Nishati ni ile ile, lakini kwa aliyekuwa hana kitu imeleta tofauti kubwa zaidi, kama vile noti ya shilingi 10,000 inavyobadilisha siku ya mchuuzi wa karanga na isibadilishe chochote katika siku ya mwenye meli. Kitu baridi kikipokea joto entropia yake hupanda sana. Kitu cha moto kikipoteza joto hilo hilo entropia yake hushuka kidogo tu. Ndiyo maana halijoto inakaa chini ya mstari wa kugawanya, na ndiyo maana chai hupoa.

Baada ya hayo ndipo nilipoweza kumjibu yule binti kuhusu barafu ya mama yake, na nilimwomba afungue daftari na kugawa ukurasa katika sehemu mbili kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto tuliandika "mfumo", yaani maji yenyewe, na upande wa kulia tukaandika "mazingira", yaani kila kitu kingine kinachopokea au kutoa joto. Kosa ambalo nimeliona kwa wanafunzi wengi kuliko jingine lolote katika mada hii ni kuandika upande wa kushoto peke yake. Kanuni ya pili haijawahi kusema kwamba entropia ya mfumo huongezeka. Inasema kwamba jumla ya pande mbili huongezeka, na upande mmoja una ruhusa kamili ya kupungua, mradi wa pili uongezeke zaidi.

Moli moja ya barafu, ambayo ni gramu 18 hivi, inahitaji kilojouli 6.01 ili iyeyuke. Kwenye nyuzi 0, ambazo ni kelvini 273, kuyeyuka huko huongeza entropia ya maji kwa jouli 22.0 kwa kelvini. Tuchukulie kwamba barafu imewekwa juu ya sangara, siku ya nyuzi 25, na kwamba namba hizi hazibadiliki sana kwa tofauti ndogo ya halijoto. Kushoto tunaandika kujumlisha 22.0. Kulia, samaki na hewa wamepoteza jouli 6,010 wakiwa kwenye kelvini 298, kwa hiyo tunaandika kutoa 20.2. Jumla ni kujumlisha 1.8, na barafu inayeyuka. Sasa tuhamie ndani ya jokofu la nyuzi 10 chini ya sufuri, ambazo ni kelvini 263, na tutazame maji yakiganda. Kushoto tunaandika kutoa 22.0, kwa sababu kweli yule binti alisema sawa, maji yamepoteza njia nyingi za kukaa. Lakini yanapoganda yanatoa jouli zile zile 6,010, na hizo zinaingia katika mazingira baridi zaidi, ambayo kila jouli ina thamani kubwa kwao: 6,010 ukigawa kwa 263 unapata 22.9. Jumla ni kujumlisha 0.9. Maji yanaganda, na kanuni imeheshimiwa. Kwenye nyuzi 0 kamili pande mbili zinalingana, jumla ni sufuri, na hiyo ndiyo maana halisi ya kusema kwamba barafu huyeyukia kwenye nyuzi 0: ni mahali ambapo hesabu ya kushoto na hesabu ya kulia zimekutana.

Binti aliyatazama maandishi yake kwa muda, kisha akauliza swali la pili, ambalo lilikuwa bora kuliko la kwanza. Kama ndani ya jokofu kunapokea joto, mbona hakupati moto? Ni kwa sababu mashine inalitoa joto hilo na kulimwaga nje, na yeyote aliyewahi kupitisha mkono nyuma ya friji anajua linakotokea. Hapo upande wa kulia unapanuka. Joto lililotolewa kwenye kelvini 263 likitupwa kwenye hewa ya kelvini 303 halitoshi tena kulipia deni, kwa maana kwa hewa ya moto kila jouli ina thamani ndogo, hivyo ni lazima litupwe joto zaidi kuliko lililotolewa, na hilo la nyongeza linatoka kwenye umeme. Tulipiga hesabu tukapata kwamba mashine isiyo na upotevu wowote ingehitaji angalau kilojouli 0.9 za umeme kwa kila moli ya barafu. Mashine halisi hutumia zaidi ya hapo. Mama anayenunua barafu alfajiri ananunua kitu ambacho entropia yake imepunguzwa kwa gharama, na kila kilo yake, inapoyeyuka, itafyonza kilojouli 334 kutoka kwa sangara kabla hawajafika kiwandani.

Nitapita haraka kwenye mlinganyo wa Gibbs, kwa kuwa baada ya ukurasa wetu wa sehemu mbili hauna siri yoyote. Josiah Willard Gibbs wa Yale, katika kazi aliyoichapisha kati ya mwaka 1876 na 1878, aliwapa wakemia kipimo ambacho tunakiandika leo kama badiliko la enthalpia (joto ambalo mfumo hupokea kanieneo lisipobadilika) kutoa halijoto mara badiliko la entropia. Ukikigawanya kwa halijoto na kubadili alama, unapata jumla ile ile ya kushoto na kulia. Enthalpia imo humo kwa niaba ya mazingira, kwa kuwa joto linalotoka katika mfumo ndilo linaloingia kwao. Wanafunzi wanaokariri kwamba kipimo hicho kikiwa hasi mmenyuko hutokea wenyewe wanapaswa kujua kwamba wanasema tu, kwa maneno mafupi, kuwa entropia ya pande zote mbili imeongezeka.

Kuna imani nyingine ngumu kung'oa, kwamba mabadiliko hutokea ili kutoa joto. Yeyote anayelima mpunga au mahindi huku Kanda ya Ziwa anaweza kuikanusha kwa ndoo moja. Mimina urea katika maji, koroga kwa mkono, na ndoo itapoa mpaka uisikie vidoleni. Kila moli ya urea inayoyeyuka inachukua takribani kilojouli 15 kutoka kwenye maji yanayoizunguka, yaani upande wa enthalpia unapinga, na bado urea inayeyuka, kwa sababu molekuli zake zikitoka katika fuwele na kusambaa majini hupata njia nyingi sana za kukaa. Mchuzi wa samaki, kwa upande wake, unakanusha neno "vurugu" kutoka upande wa pili. Mafuta na maji vikitulia hutengana vyenyewe, na macho yanaona mpangilio umeongezeka. Kinachotokea ni kwamba molekuli za maji zilizo jirani na mafuta hubanwa katika namna chache za kugeuka na kushikana, na mafuta yanapokusanyika pamoja maji mengi zaidi yanaachwa huru. Macho yanahesabu matone. Entropia inahesabu njia za molekuli.

Jambo ambalo nimelipenda kuliko yote, hata hivyo, liko mchangani. Kila giza la mwezi linapoingia, wavuvi hutoka na taa kuwavuta dagaa, na asubuhi akina mama huwaanika juu ya mchanga, juu ya miamba, na siku hizi juu ya chanja. Maji ya kuchemka hapa Mwanza, kwa kuwa ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hufika kwenye nyuzi 96 hivi. Hakuna dagaa anayefikishwa huko, lakini kufikia jioni wamekauka na wanavunjika mkononi. Kwa nini maji yanaondoka katika nyuzi 25, tena yakiwa yanahitaji kilojouli 44.0 kwa kila moli ili yawe mvuke?

Tulifungua daftari upya. Katika jedwali la vitabuni entropia ya moli ya maji ni jouli 69.9 kwa kelvini, na ya mvuke ni 188.8, kwa hiyo kushoto tunaandika kujumlisha 118.9. Kulia, mchanga na hewa vimetoa jouli 44,000 kwenye kelvini 298.15, na tunaandika kutoa 147.6. Jumla ni kutoa 28.7, na kwa hesabu hiyo dagaa hawakauki kamwe. Kijana mmoja alisema kwa ujasiri kwamba basi kanuni ni ya uongo, maana bibi yake anawakausha kila siku. Nilimwambia kwamba bibi yake yuko sahihi na kanuni iko sahihi, na kosa liko katika namba tuliyoichukua bila kusoma maelezo yake. Jedwali linaeleza mvuke ulio katika kanieneo la bar 1 (kilopaskali 100), yaani mvuke uliosongamana kana kwamba hewa yote iliyotuzunguka ingekuwa mvuke mtupu. Mvuke unaotoka kwa dagaa hauingii mahali pa namna hiyo. Unaingia katika hewa ya ziwa, ambako unapata nafasi pana, na nafasi pana ni njia nyingi zaidi. Kwa nyuzi 25 hewa iliyoshiba mvuke kabisa ina kanieneo la mvuke la kilopaskali 3.17 tu. Mvuke ukipanuka kutoka bar 1 hadi hapo, entropia yake inaongezeka kwa 8.314 (ile k ya Boltzmann mara idadi ya chembe za moli moja) mara logi asilia ya 100 kugawa kwa 3.17, na jibu lake ni 28.7.

Ninakumbuka kimya kilichofuata. Deni lilikuwa 28.7 na malipo ni 28.7. Katika hewa iliyoshiba, jumla ni sufuri. Maji yanayotoka na yanayorudi yanalingana, na dagaa wanabaki kama walivyoanikwa. Hewa ikiwa na nusu tu ya mvuke inaoweza kuubeba, entropia ya mvuke inapanda tena kwa 8.314 mara logi asilia ya 2, yaani 5.8, na jumla inakuwa chanya. Dagaa wanakauka. Upepo unaotoka ziwani, kwa kuondoa hewa iliyokwisha kushiba juu ya mchanga na kuleta nyingine, unailinda hiyo 5.8 isipungue. Chanja inaruhusu upepo upite hata chini ya samaki. Na siku za masika, mawingu yanapokaa na hewa ikakaribia kushiba, tofauti hiyo inashuka hadi karibu na sufuri, dagaa wanalowa, wanaoza, na familia inapoteza fedha ya ada. Nilikulia katika nyumba ya namna hiyo. Nilijua harufu ya hasara hiyo muda mrefu kabla sijaijua fomula yake, na siwezi kuifundisha mada hii kana kwamba ni mchezo wa alama za kujumlisha na kutoa.

Niwe mwangalifu hapa, kwa sababu entropia inaeleza upande ambao badiliko litaelekea na mahali litakaposimama, wala haisemi litachukua muda gani. Jua kali linaharakisha ukaukaji kwa kutoa nishati na kupandisha halijoto, na unene wa samaki unauchelewesha. Hayo ni ya mada nyingine. Almasi ya Mwadui, kwa hesabu ya pande mbili, inapaswa kugeuka kuwa grafiti, na haijageuka.

Wiki iliyofuata yule binti alikuja mapema kuliko wenzake, akanisalimia, na kunionyesha ukurasa alioujaza nyumbani. Alikuwa amepiga hesabu ya hewa iliyofikia asilimia 90 ya kushiba na akapata kujumlisha 0.9, pungufu ya moja ya sita ya ile ya hewa nusu. Kisha aliuliza kuhusu kayabo, yaani sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, ambao mama yake huhifadhi stoo kusubiri wanunuzi wa Kongo. Mbona siku ya mvua wanatoa jasho wakati hakuna aliyewamwagia maji, na hata kama hewa haijashiba? Tulikaa tukaandika tena kushoto na kulia. Maji yaliyochanganyika na chumvi yana njia nyingi za kukaa kuliko maji matupu, hivyo mvuke unapata faida kidogo kwa kuyaacha, na mstari wa sufuri unashuka kutoka kwenye hewa iliyoshiba kabisa hadi kwenye hewa iliyoshiba kwa asilimia 75 hivi, kama chumvi ni nyingi kiasi cha kutoyeyuka yote. Chini ya hapo kayabo anakauka. Juu ya hapo anakunywa maji kutoka hewani. Aliinakili ile namba 75 pembeni mwa ukurasa na kuizungushia duara, kisha akaniuliza kama kuna kifaa cha kupimia hewa ya stoo na kinauzwa shilingi ngapi.